Hedifoni mbili na kichwa chenye miwani: nilivyozilinganisha

Nimeshachoka na ushauri huu: "Vaa, weka wimbo unaoupenda, ukisikia tamu, beba." Nimepewa na wauzaji, nimepewa na wenzangu wa kazi, nimepewa hata na watu ambao hedifoni yao pekee ni ile iliyokuja na simu. Ndio unaowafanya watu wanunue kitu kitamu kwa dakika tano ambacho hakivaliki baada ya saa tatu. Mimi kazi yangu ni kunakili mahojiano. Nasikiliza, nasimamisha, narudisha nyuma, naandika, na kazi ikiwa nzito huvua hedifoni wakati wa kula tu. Juu ya hayo navaa miwani. Mtu wa namna hii hachagui kwa wimbo mmoja akiwa amesimama mbele ya kaunta.

Nilipata nafasi ya kukaa na mbili kwa muda wa kutosha, zote mezani kwangu kwa pamoja: beyerdynamic DT 770 Pro ya omu 80 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), na Sennheiser HD 600. Ya pili ilinigharimu karibu mara mbili ya ya kwanza, na kulikuwa na waliosema napoteza pesa kwa kununua "kitu cha zamani", kwa sababu HD 600 ilitoka mwaka 1997. Sikio la binadamu halijabadilika tangu 1997. Hizi ni kampuni za Kijerumani zilizoanza mapema: beyerdynamic ilianzishwa Berlin mwaka 1924 na mwaka 1937 ikatoa hedifoni ya DT 48, na Sennheiser ilianza mwaka 1945. Mwaka 1968 Sennheiser ikatoa HD 414, iliyoleta sokoni hedifoni yenye mgongo wazi, yaani isiyozibwa nyuma ya spika, hewa na sauti vikapita. HD 600 ni ya ukoo huo. DT 770 imezibwa. Mambo mengi nitakayoyasema hapa yanatokana na tofauti hiyo moja.

Anza na uzito, maana ndio kila mtu anaouliza. Bila waya, DT 770 Pro ina gramu 270 hivi na HD 600 ina gramu 260 hivi. Aliyesoma namba hizo peke yake atasema kwa raha zinalingana. Hazilingani hata kidogo. Kichwa hakijali sana gramu ngapi, kinajali gramu hizo zimekaa wapi na nani anazishikilia.

DT 770 inabana kidogo tu pembeni, kwa hiyo uzito wake mwingi unakaa utosini. Upinde wake una mto mmoja mrefu kutoka upande hadi upande, na saa ya kwanza husikii kitu. Ukikaa nayo nusu siku, utosi unaanza kukuambia. HD 600 kinyume chake: ikiwa mpya inakamata mashavu na taya kwa nguvu, utosini inagusa kidogo kwa vimito vilivyoachiwa nafasi katikati. Mito ya masikio ya zote mbili ni ya mahameli, ila ya DT ni ya mviringo na ya HD ina umbo la yai, linalofuata sikio vizuri zaidi. Masikio yangu ni marefu. Kwenye mviringo wa DT ncha ya chini ilikuwa inagusa ukingo, jambo ambalo hulioni dukani ila jioni unalijua.

Mateso ya kweli yalikuwa kwenye miwani. Kuna mahali mkono wa miwani unapopita juu ya sikio na kulalia mfupa mdogo nyuma yake. HD 600 mpya ilikandamiza mkono huo dhidi ya mfupa mpaka nikiivua na kujitazama kwenye kioo naona alama nyekundu, na maumivu yanabaki hata hedifoni ikiwa imeshatundikwa. Muuzaji alikuwa ameniambia, "Bosi wangu, utazoea tu." Mfupa hauzoei.

Dawa yake ni rundo la vitabu, na hii naipenda kwa sababu haina gharama yoyote. Panga vitabu vyenye majalada magumu mpaka rundo liwe pana kuliko kichwa chako kwa upana wa kidole, si zaidi. Ivishe hedifoni kwenye rundo, iache ilale hapo, asubuhi ijaribu kichwani, kama bado inabana irudishe. Usiukunje upinde kwa mikono, maana nguvu ya mikono huishia kwenye maungio ya plastiki, na hapo ndipo panapopasuka. Acha rundo lifanye kazi polepole. Na usizidishe. Hedifoni iliyolegea kupita kiasi huteleza kila unapoinamia daftari, na sauti yake hubadilika, jambo nitakalolirudia kwenye habari ya besi. Yangu niliisimamisha pale ambapo nikitikisa kichwa inabaki mahali pake, lakini mkono wa miwani hauachi alama. Nilibadilisha pia fremu ya miwani nilipofika wakati wa kubadilisha, nikachukua yenye mikono myembamba ya chuma. Mikono minene ya plastiki na hedifoni kubwa havielewani.

Joto nalitaja kwa ufupi: iliyozibwa inapasha masikio, ya mgongo wazi haipashi sana. Kuna jingine ambalo watu hawalisemi. Ukiwa umevaa iliyozibwa, unajisikia mwenyewe. Ukimeza mate unasikia. Ukitafuna unasikia taya zako kuliko mahojiano. Ukiongea na mtu, sauti yako inavuma ndani ya kichwa kama unaongea kwenye mtungi, na unajikuta unapaza sauti bila sababu. Kwa mtu anayepokea simu mara kwa mara wakati wa kazi, hilo peke yake linachosha.

Sasa sauti, na hapa ndipo nilipojivunia kazi yangu.

Ukichomeka hedifoni hizi mbili kwa zamu kwenye kifaa kimoja bila kugusa volyumu, DT 770 itashinda, na itashinda kwa mbali. Lakini haijashinda kwa ubora, imeshinda kwa kelele. HD 600 ina omu 300 na inahitaji volti nyingi zaidi kufika mahali pale pale. Kwa takwimu za watengenezaji wenyewe, kwa volti ile ile DT ya omu 80 inatoa takriban desibeli 10 zaidi. Desibeli 10 kwa sikio ni kama sauti imezidishwa mara mbili. Na sikio likipewa sauti mbili zinazofanana, moja ikiwa juu kidogo tu, husema ile ya juu ni safi zaidi, ina besi zaidi, ina uhai zaidi. Watafiti Harvey Fletcher na Wilden Munson walionyesha tangu mwaka 1933 kwamba sauti ikishuka, sikio hupoteza besi haraka kuliko linavyopoteza sauti za kati. Kwa hiyo hedifoni inayopiga chini inaonekana kavu hata kama si kavu. Kila anayekuambia "nilizijaribu zote mbili kwenye simu yangu, hii ni bora" muulize kwanza kama alisawazisha volyumu. Kama hakusawazisha, alilinganisha volyumu, hakulinganisha hedifoni.

Kusawazisha kwa sikio hakuaminiki, kwa sababu hedifoni moja ina besi nyingi na nyingine haina, sikio linavutwa huku na kule. Nikataka kipimo. Jaribio la kwanza lilikuwa kuweka simu ndani ya mto wa hedifoni na kusoma programu ya kupima sauti. Halikufaa. Ukiinamisha simu nyuzi chache namba inaruka, ukiisogeza kidogo inaruka tena, na simu yenyewe inaubonyeza mto na kuacha mwanya. Jaribio la pili lilikuwa kadibodi yenye tundu katikati, maiki imepitishwa tunduni. Wazo lilikuwa zuri lakini kadibodi inapinda. Ukiweka uzito juu inabonyea, pembeni inanyanyuka, besi inavuja, na kila kipimo kinatoka tofauti na kilichotangulia.

Nilihitaji kitu kigumu, bapa, kipana kuliko mto, chenye tundu katikati kabisa. Kitu hicho kilikuwa kwenye droo muda wote: sidii ya zamani. Ina upana wa sentimita 12, inafunika mdomo wote wa mto, haipindi ikiwekewa kitabu juu, na tundu lake la katikati lina milimita 15. Maiki yangu ndogo ya kubana kwenye shati, ile ile ninayorekodia mahojiano, inaingia hapo na nafasi inabaki kidogo. Nafasi hiyo niliiziba kwa udongo laini wa kuchezea watoto. Hedifoni nikailaza chali, sidii juu ya mto, maiki inachungulia ndani, kitabu kimoja kidogo kimelalia ukingo wa sidii ili mgandamizo uwe ule ule kila mara. Waya wa maiki ukaenda kwenye kompyuta, nikafungua programu ya kurekodi na kuangalia mshale wa kiwango cha sauti.

Sauti ya kupimia ilikuwa mvumo, ule wa redio isiyoshika stesheni, si muziki. Muziki unapanda na kushuka, mshale hautulii. Tena niliukata mvumo huo nikabakiza sehemu iliyo kati ya hezi 500 na 2,000 (hezi ni mitetemo kwa sekunde: chache ni besi, nyingi ni sauti kali). Sababu ni kwamba hedifoni hizi zinatofautiana kwenye besi na kwenye sauti kali za juu, ukisawazisha kwa mvumo mzima moja itapewa adhabu kwa besi yake. Katikati hapo ndipo maneno ya binadamu yamejaa, na ndipo nilipotaka zilingane.

Mshale ukatulia. Nikapima DT, nikaweka alama ya penseli pembeni ya kitufe cha volyumu cha amplifaya, yaani kikuza sauti. Nikapima HD, nikapandisha volyumu mpaka mshale ukafika pale pale, nikaweka alama ya pili. Tofauti ilikuwa pale pale takwimu za watengenezaji zilipoielekeza. Nikanyanyua sidii, nikairudisha, nikapima upya. Namba ikajirudia, na hapo ndipo nilipojua kipimo kimeshika. Sidii si sikio, na namba hizo hazikuambii sauti halisi inayofika ndani ya sikio lako. Ila kwa kuziweka mbili kwenye mstari mmoja, inatosha kabisa, na inaondoa ubishi wote. Tangu hapo nilikuwa nabadilisha waya, nasogeza kitufe kutoka alama hadi alama, nasikiliza kipande kile kile kifupi, basi.

Volyumu ilipolingana, ushindi wa DT ukapungua mno. Besi yake bado ni kubwa zaidi, hilo halibishaniwi. Ngoma za chini zinaingia kifuani, na HD 600 kwa besi za chini kabisa hushuka mapema. Mpenda muziki wa kucheza atachagua DT na sitamlaumu. Juu, karibu na hezi 8,000, DT ina mwinuko. Mwinuko huo unafanya matoazi yameremete na kurekodi kwa zamani kuonekana kumefunguka, lakini pia unanoa kila "s" na "sh" anayotamka mtu. Saa moja ya mzungumzaji aliyeweka maiki karibu na mdomo, halafu uje unieleze masikio yako yanasemaje.

HD 600 iko mbele kwenye katikati. Nina rekodi ninayoitumia kama mtihani: watu watatu wanabishana chumba kimoja, maiki iko mezani, mmoja yuko mbali na anaongea kwa haraka. Kuna mahali anasema ama "hatakuja" ama "hawatakuja", na maana yote ya jibu lake imesimama kwenye silabi hiyo moja ambayo ameimeza nusu. Kwa DT niliirudia na kuirudia, na kila mara besi ya meza iliyogongwa iliifunika. Kwa HD 600, volyumu ikiwa ile ile, "wa" ikasikika, fupi, dhaifu, lakini ipo. Na sauti tatu zile zilikuwa zimeachana, kila mtu kakaa mahali pake. Kwa kazi yangu hilo lina thamani kuliko besi yote ya dunia.

Halafu miwani ikarudi tena, safari hii kwenye sauti. Watu huongea juu ya starehe na sauti kana kwamba ni mizani mbili tofauti, hii alama ngapi, ile alama ngapi. Kwa mvaa miwani ni jambo moja. Cheza mlio mmoja wa hezi 40 kwa sauti ya chini ukiwa na DT 770 kichwani, kisha vua miwani bila kuvua hedifoni. Besi inapanda hapo hapo. Ukiirudisha miwani, inashuka. Ukibonyeza mito kwa viganja, inapanda tena. Mkono wa miwani unaunyanyua mto, unaacha mwanya mwembamba, na hedifoni iliyozibwa inategemea kuziba huko ili ishike besi. Ndiyo maana mtu mwenye miwani na asiye na miwani wanaweza kubishana usiku kucha juu ya besi ya hedifoni ile ile na wote wakawa wanasema kweli. HD 600 kwa kuwa haikuzibwa tangu mwanzo, inapoteza kidogo sana. Nywele nyingi zinazopita chini ya mto, hereni kubwa, kofia, vyote vinafanya kazi ile ile ya mwanya. Kwa hiyo ukisoma maoni ya mtu kuhusu besi, tafuta kwanza kujua kichwa chake kikoje.

Kuna ushauri mwingine ulionikera: eti hedifoni mpya haihukumiwi mpaka iachwe ikipiga saa mia moja ndipo "ifunguke". Niliyempata mwenye imani hii alikuwa mkali kweli. Kinachobadilika kwa kiasi cha kuonekana ni mito: sponji inalainika, sikio linasogea karibu na spika, mwanya unazibika vizuri zaidi. Na wewe mwenyewe unaizoea. Yote mawili yanatokea ikiwa kichwani, hayatokei ikiwa imeachwa kwenye kabati ikijipigia muziki.

Nimebaki na HD 600 kwa kunakili, na DT 770 sikuiuza. Mgongo wazi una gharama yake: aliye karibu anasikia kila neno, na mahojiano mengine si ya kusikika na kila mtu. Tena jirani akianza kutoboa ukuta, HD 600 haikukingi kitu, na kinachofuata ni mkono kupandisha volyumu. Hapo navaa DT. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha kusikiliza kwa mtu mzima kwenye desibeli 80 kwa saa 40 za wiki, na kila desibeli 3 zinazoongezeka zinakata muda huo nusu: 83 ni saa 20, 86 ni saa 10. Kwa mtu anayesikiliza kwa ajira, saa 40 ndiyo wiki yenyewe. Desibeli chache za kushindana na kelele za nje zinakumaliza kabla ya Jumatano. Ndiyo maana nazisoma zile alama mbili za penseli kwa makini, na nimeongeza ya tatu, nyekundu, ambayo kitufe hakivuki.

Simu peke yake haiisukumi HD 600 vya kutosha kwa rekodi hafifu, hivyo hesabu amplifaya ndogo ndani ya bei yake tangu siku ya kwanza. Wauzaji wengi hawalisemi hilo mpaka umeshalipa. Na mito ya HD inabadilishika kwa urahisi. Ikishalala bapa, sikio linagusa ndani na sauti inageuka, kwa hiyo ukinunua iliyotumika, bonyeza mto kwa kidole: usipoinuka haraka, punguza bei ya mito mipya kwenye anachotaka muuzaji. Kabla ya kulipa, omba kiti. Kaa nayo kichwani saa nzima, na miwani yako usoni, ukisikiliza mtu anaongea. Duka lisilokubali hilo, nenda linalokubali.